Kupunguza wavu wa simulesheni: usafishe umbo, ubadilishe kipande, ukunje nyuzi au ufume upya?

"Injinia, wavu wangu una vipande milioni nne na laptopu imeganda. Niupunguze kwa asilimia ngapi?"

Karibu kila muhula swali hili huletwa mezani kwangu hapa Kisumu na wanafunzi wa uhandisi wanaokuja kujifunza kazi. Nami huwauliza: unatafuta nini? Ukishuka ufuo wa Dunga utakuta nyavu za omena zenye macho madogo na za mbuta zenye macho mapana zimeanikwa pamoja, na hakuna mvuvi atakayekuambia upi ni bora kabla hujamwambia unakwenda kuvua nini. Asilimia huja mwisho, na mara nyingi haiji kabisa.

Kwa aliye mgeni wa mambo haya: programu haiwezi kuhesabu mkazo wa chuma kizima kwa mkupuo mmoja. Hukikata vipande vidogo vinavyoshikana kwenye pembe. Pembe hizo mimi huziita mafundo, na mistari inayoyaunganisha nyuzi, kama kwenye wavu wowote. Vipande vya ujazo vinavyotumika sana ni tetrahedroni, ambayo ni piramidi ya nyuso nne za pembetatu, na tofali lenye nyuso sita. Vipande vikiwa vingi mno, kumbukumbu ya kompyuta hujaa na hesabu inakwama.

Ukubwa wa kipande ukikatwa nusu kwenye umbo la pande tatu, idadi ya vipande hupanda mara 8. Ikiwa hesabu inasonga na wakati, kama ya mgongano au ya maji yaendayo kasi, kwa mbinu nyingi hatua ya wakati nayo hukatwa nusu, kwa sharti ambalo Courant, Friedrichs na Lewy waliliandika mwaka 1928. Hapo kazi inakuwa mara 16. Habari njema ni kwamba hesabu hiyo inarudi kinyumenyume vilevile: ukubwa ukiongezwa maradufu, kazi ya saa 16 inakuwa ya saa moja. Kwa sisi ambao stima hupotea bila kubisha hodi, hiyo ndiyo tofauti ya kupata jibu na kutolipata.

Njia za kupunguza ninazozitumia ni nne. Hazilingani kwa thamani, kwa hiyo sitazipa nafasi sawa.

Kusafisha umbo kabla ya kufuma

Yule mwanafunzi wa vipande milioni nne alikuwa na mchoro wa kinu cha posho alioupakua mtandaoni. Tulipoukuza kwenye kioo tukaona mahali vipande vilipojazana: bolti zilikuwa na meno yake yote yaliyochorwa moja moja, na ubavuni mwa kinu palikuwa na jina la kiwanda kwa herufi zilizoinuliwa. Programu ya kufuma haijui kwamba herufi hazibebi mzigo. Ikikutana na mkunjo wa nusu milimita, huujaza vipande vya nusu milimita.

Tulifuta jina, tukafuta meno ya bolti, tukaziba matundu madogo yaliyokuwa mbali na fremu tuliyotaka kuipima. Vipande vikashuka hadi laki tatu na kitu, na sura ya jibu haikubadilika. Hakuna njia nyingine inayokupa punguzo kama hilo kwa nusu saa ya kazi, ndiyo maana naiweka ya kwanza.

Utajuaje kipi kifutwe? Kigezo kikongwe ni cha Mfaransa Saint-Venant, cha mwaka 1855: jinsi mzigo ulivyoshikizwa mahali fulani husumbua jirani tu, na ukisogea umbali unaokaribiana na upana wa chuma chenyewe, usumbufu huo umekwisha. Matundu nayo yana tabia hiyo. Tundu dogo la duara kwenye bamba pana linalovutwa huzidisha mkazo mara tatu pale ukingoni mwake, lakini ukisogea upana wa tundu mara mbili tatu hivi, bamba limeshasahau kama lilitobolewa. Ukiuliza fremu itapinda kiasi gani, ziba tundu. Ukiuliza ufa utaanzia wapi, liache, na uzidishe vipande kulizunguka.

Kuna mtego mmoja hapa, nami niliuingia mzima mzima. Fundi mmoja wa Kibuye aliniletea mkono wa kushikilia mota. Kona ya ndani ilikuwa na mviringo mdogo, nikaufuta ili wavu uwe mwepesi. Hesabu ya kwanza ikanipa mkazo wa megapaskali 180. Nikapunguza ukubwa wa vipande ili niwe na uhakika, ikaja 240. Nikapunguza tena, 330. Nikampigia simu kwamba mkono wake utakatika.

"Injinia," akaniambia, "chuma ni kile kile. Mbona kinazidi kuumia kila ukihesabu?"

Alikuwa ameliona kosa bila kufungua kompyuta. Kwenye nadharia, kona ya ndani iliyo kali kabisa ina mkazo usio na kikomo, na kila wavu laini zaidi unausogelea bila kuufikia. Ile kona kali niliitengeneza mimi nilipofuta mviringo. Nikaurudisha, hesabu zikatulia kwenye namba moja, na mkono ule bado unafanya kazi. Tangu siku hiyo huwa nafuta miviringo ya nje bila kuwaza, ila ya ndani siigusi kabla ya kuuliza kama mkazo wa mahali hapo ndio niliotumwa.

Kubadilisha aina ya kipande

Njia hii wanafunzi huisahau, ingawa punguzo lake ndilo kubwa kuliko yote. Chukua stendi ya tangi la maji la lita 10,000, zile zinazosimama kwenye shule na zahanati kuanzia Ahero mpaka Luanda ya Vihiga. Tangi likijaa, maji peke yake ni tani 10, karibu kilonyutoni 98. Tuseme stendi imeundwa kwa tyubu za mraba za milimita 50 kwa 50, ukuta wa milimita 3, na jumla ya chuma ni mita 60. Nimepiga hesabu ya vipande kwa aina tatu:

| Aina ya kipande | Ukubwa wake | Idadi kwa mita 60 |
|---|---|---|
| Tofali, mawili katika unene wa ukuta | milimita 1.5 | karibu milioni 10 |
| Gamba | milimita 10 | karibu 120,000 |
| Boriti | sentimita 10 | 600 |

Gamba ni kipande bapa ambacho unene wake hauchorwi. Unaandikwa kama namba. Boriti ni mstari tu, na umbo la tyubu linaandikwa pembeni. Swali likiwa stendi itainama kiasi gani, mguu upi umebeba zaidi, au kama mguu utajipinda ubavuni kwa kuzidiwa, zile boriti 600 zinajibu vizuri, na simu ya mkononi ingetosha kuzihesabu. Haziwezi kukuambia kama ukuta wa tyubu utabonyea pale mhimili unapokutana na mguu. Hapo panataka gamba. Matofali mimi huyaweka kwenye kiungo kimoja tu, sentimita chache kila upande wa weldi, tena pale mteja anapokuwa na swali la weldi.

Ubaya wake ni kwamba faili nyingi huja zikiwa umbo la ujazo, na kulitoa gamba la katikati ndani ya umbo hilo ni kazi ya kuvunja moyo. Mimi huwa sijaribu. Huchora stendi upya kwa mistari ndani ya FreeCAD, saa moja imetosha, kisha naipeleka CalculiX. Programu zote mbili ni za bure.

Kukunja nyuzi

Anayeuliza "asilimia ngapi" huwa anaifikiria njia hii. Una wavu wa pembetatu tayari, labda umetoka kwenye skana, na kuna kitufe kinachoomba namba. Mwaka 1992 Schroeder, Zarge na Lorensen walionyesha namna ya kung'oa mafundo yasiyo na kazi na kuziba pengo. Mwaka uliofuata Rossignac na Borrel wakaja na njia ya kuyakusanya mafundo yaliyo karibu na kuyafanya moja, njia ya haraka lakini yenye mkono mzito. Inayotawala leo ni ya Garland na Heckbert, ya mwaka 1997, na ndiyo utakayoikuta ndani ya programu ya MeshLab.

Wazo lao ni zuri. Kila fundo linakumbuka bapa za pembetatu zote zilizolizunguka. Programu inajiuliza: nikiukunja uzi huu ili mafundo yake mawili yawe moja, fundo jipya litakuwa mbali kiasi gani na bapa hizo za zamani? Umbali unapigwa mraba, unajumlishwa, na uzi wenye gharama ndogo kuliko zote ndio unaokunjwa. Kisha unaofuata, na unaofuata, hadi idadi uliyoomba ifike. Mahali palipo bapa panakunjwa karibu bure, palipo na mikunjo panabaki na mafundo yake.

Kwa macho, matokeo yanapendeza sana. Shida huanza pale wavu huo unapopelekwa kwenye hesabu ya mkazo. Kipimo kile kinalinda sura. Afya ya pembetatu haimo ndani yake. Kwenye uso bapa unabaki na pembetatu ndefu nyembamba kama sindano, moja imetanda kutoka ukingo hadi ukingo. Tetrahedroni zinazojengwa juu ya sindano nazo zinakuwa bapa, na hesabu inayumba au inakataa kabisa.

Nilijifunza hilo kwa kasha la pampu kutoka kiwanda kimoja cha sukari. Mchoro wa asili haukuwepo, tukaliskani. Skana ikatoa pembetatu milioni 1.8, nikazikunja hadi 40,000, nikaitazama pampu ikizunguka kwenye kioo nikajisifu. Programu ya kufuma ujazo ikaikataa mara nane. Kulikuwa na pembetatu zilizopenyana, na sindano nyingi kiasi kwamba nilikaa siku mbili nikizitoa kwa mkono. Ningekuwa nimeikunja kidogo, kisha nikaifuma upya, ningemaliza asubuhi ile ile.

Kufuma upya

Maana yake ni kuutumia wavu wa zamani kama kiolezo cha sura tu, na kutandaza juu yake pembetatu mpya zinazokaribia kuwa na pande sawa. Programu ya Gmsh hufanya hivi, Mmg pia, na MeshLab yenyewe ina kichujio chake. Unaieleza programu ukubwa wa uzi unaoutaka, na kwenye Mmg unaweza pia kuieleza uso mpya unaruhusiwa kuachana na wa zamani kwa umbali gani. Namba hiyo ya mwisho inaeleweka kuliko asilimia yoyote: "usihame zaidi ya robo milimita" ni agizo ambalo hata fundi wa leti atalielewa.

Angalizo langu ni moja: iambie programu mapema kona zipi ni kona kweli. Mimi huanzia pembe ya digrii 40 hivi kati ya pembetatu jirani. Usipofanya hivyo, ukingo wa flanji unalainishwa kama sabuni iliyotumika.

Kati ya kukunja na kufuma upya, kwa kitu kilichotoka kwenye skana na kinachokwenda kwenye hesabu, sioni ushindani: kunja kwa upole ili faili ifunguke, kisha fuma upya. Kwa kitu kilichotoka kwenye mchoro, usiguse lolote kati ya haya. Rudi kwenye mchoro, usafishe, ufume tangu mwanzo.

Ardhi ya Kano ni habari nyingine

Mafuriko ndiyo kazi inayotulisha sana upande huu, na ndipo njia ya kukunja nyuzi inapoumiza watu bila kuonekana.

Ukiwa na data ya chombo cha angani cha mwaka 2000, ile ya SRTM yenye nukta moja kila mita 30 hivi, eneo la kilomita 10 kwa 10 lina nukta kama 111,000. Hizo hazihitaji kupunguzwa. Isitoshe, data hiyo ina makosa ya mita kadhaa ya kimo, na rada huona vichwa vya miti mahali pengi. Mzigo halisi unakuja na droni: kilomita moja ya mraba yenye nukta kila sentimita 10 ni nukta milioni 100.

Njia ya kwanza inayoshawishi ni kuzikunja nyuzi. Sasa itazame ramani. Mto Nyando unashuka kutoka nyanda za juu, unaingia uwanda wa Kano, unapita Ahero na kumwaga ziwani kwenye Ghuba ya Winam. Kwenye mteremko wa Nandi, kosa la nusu mita si kitu; maji yatashuka tu. Kwenye uwanda, nusu mita ndiyo inayoamua kama maji yataingia nyumbani au yatapita shambani. Kipimo cha Garland na Heckbert hakijui hilo. Kwake nusu mita ni nusu mita popote. Kwa hiyo mafundo yote yanakimbilia mlimani kwenye mikunjo mikubwa, na uwanda ulio bapa, ambao ndio ulioulizwa, unabaki na pembetatu chache pana. Sura ya jumla iko sawa kabisa, lakini mahali pa watu kuishi pamepigwa pasi.

Njia ya pili ni kuchukua wastani na kutumia miraba mikubwa. Hii inaua matuta. Chukua tuta la kuzuia mto lenye kimo cha mita 2, juu upana wa mita 4 na chini mita 12. Mkato wake ni mita za mraba 16. Ukilitia ndani ya mraba wa mita 20 na kuchukua wastani, tuta linabaki na kimo cha sentimita 80. Kwenye kompyuta maji yatalivuka mapema sana kabla ya kulivuka kweli. Anayefanya kazi ya mto Nzoia kule Budalangi, ambako matuta ndiyo ukuta wa vijiji, hana ruhusa ya kukosea hapo. Kalvati chini ya barabara nazo hupotea kwa namna hiyo hiyo, ila kosa lake linakwenda kinyume: barabara inageuka bwawa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitumia. HEC-RAS, programu ya bure ya kikosi cha wahandisi cha jeshi la Marekani, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2016 inaruhusu hesabu ya pande mbili ambamo wavu ni mkubwa lakini ardhi chini yake inabaki laini. Kila kipande kinatengenezewa jedwali mapema: maji yakifika kimo hiki, kipande hiki kinabeba kiasi hiki. Kila upande wa kipande nao unabeba mkato wa ardhi ulio sahihi. Kipande cha mita 30 kinaweza kuwa na mfereji wa mita 3 ndani yake na usipotee. Unapunguza hesabu bila kupunguza ardhi.

Sharti lake ni kwamba kila tuta na kila barabara iliyoinuka ichorewe mstari ili pande za vipande zilale juu yake. Tuta likikaa katikati ya kipande, maji yatatokea upande wa pili bila kulipanda, kwa sababu ndani ya kipande kimo cha maji ni kimoja. Kuchora mistari hiyo ni kazi ya mkono, inachosha, na inahitaji mtu anayepajua mahali. Kwenye kazi moja ya Kano tulimpeleka jaduong' mmoja, mzee mkaazi wa kule, atuonyeshe njia za ng'ombe zilizokata tuta. Mbili kati ya hizo hazikuonekana kwenye picha ya droni.

(Wenzetu wanaoiga mvuke chini ya ardhi ya Olkaria, kule kaunti ya Nakuru, watacheka. Vipande vyao vina upana wa mamia ya mita na bado wanaona ni vingi.)

Utajuaje umepunguza kupita kiasi

Endesha nyavu tatu: pana, ya kati, laini. Mtafiti Roache alipendekeza mwaka 1994 namna rasmi ya kuripoti tofauti zake, lakini hata bila fomula jicho linatosha. Stendi ikiinama milimita 4.1, kisha 4.6, kisha 4.7, ule wa kati unatosha. Ikienda 4.1, 5.0, 6.2, bado hujafika. Na kama ni mkazo ndio unaopanda hivyo, huenda una kona kali kama yangu.

Jihadhari na tetrahedroni yenye mafundo manne tu. Ni ngumu kupita chuma chenyewe, hivyo wavu mpana hukuonyesha kitu kinainama kidogo kuliko ukweli, na kosa hilo linakupendeza. Chagua ile ya mafundo kumi, yenye fundo la ziada katikati ya kila uzi, hata kama italazimu vipande vipungue. Laki moja za mafundo kumi nitaziamini kabla ya laki tano za mafundo manne.

Yule mwanafunzi wa kinu alimaliza hesabu kabla ya chai ya saa nne. Kisha akarudi: mwalimu wake anataka picha ya kinu kwenye ripoti, na jina la kiwanda ameshalifuta. Nikamwambia achukue faili ya kwanza, meno ya bolti na herufi zake zote, aikunje kwa asilimia 90, aibandike. Kwa picha, hapo sawa.